Mama Bambo na Upande wa Pili wa Karatasi

Bambo ni chuma chembamba chenye mfereji, ncha yake kali kama ya mkuki. Unalichoma kwenye gunia, unalizungusha, unalichomoa, na kiganjani mwako zinamwagika punje chache za kukuambia habari za kilo mia. Lakini punje husema za mahali zilipotoka tu. Ukichoma mdomoni mwa gunia peke yake, umejiibia kwa mkono wako mwenyewe, na usimlaumu mtu.

Mwanamke waliyemwita Mama Bambo alilijua hilo tangu ana miaka kumi na saba, alipokuwa mfagiaji kwenye ghala la nafaka. Ujira wake ulikuwa zile chenga zilizomwagika chini. Wenzake waliziuza na vumbi lake, wakapata cha kupata. Yeye alizipeta, akazichagua, mahindi huku, maharage kule, zilizovunjika kando kwa wafuga kuku, akapata mara mbili yao. Baadaye akanunua bambo kuukuu kwa mzee aliyekuwa anastaafu, akalinoa, na tangu hapo hakushika tena ufagio wa mtu mwingine. Akawa dalali. Mnunuzi alimwita asije akauziwa uozo, muuzaji alimwita ili aaminike, naye alikula pande zote mbili bila aibu kwa sababu hakumdanganya yeyote kati yao.

Kanuni yake ilikuwa moja: mara tatu. Mdomoni, kiunoni, kitakoni.

"Mama, kwani huniamini?" waliuliza wageni wa soko, wameweka mkono kifuani.

"Wewe nakuamini, ndugu yangu. Gunia lako ndilo hatujazoeana."

Siku moja mfanyabiashara mmoja, kanzu nyeupe, maneno laini, alileta maharage yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Bambo la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu likatoka na changarawe. Mtu yule alikuwa amelijaza kila gunia mawe madogo kitakoni, akafunika. Mama Bambo hakupiga kelele. Alimimina changarawe zile kwenye kiganja cha mwenyewe, akamfunga vidole. "Chakula cha jioni hicho," alimwambia. Soko zima lilicheka wiki nzima.

Huyu ndiye mwanamke tunayemzungumzia. Mkumbuke hivyo, maana utashangaa alivyokuja kuuziwa.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, hedhi imeshamuaga miaka miwili iliyopita, ndipo asubuhi moja akaona damu. Akamwambia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeuza magunia matupu na kamba meza ya pili kutoka kwake.

"Damu imerudi bila hata hodi?" alisema wifi. "Nenda hospitali, wifi. Nenda ukiwa na miguu yako, maana nikikubeba mimi, tutalazwa wawili."

"Wewe ungenibeba? Gunia tupu linakutoa jasho."

"Ndiyo maana nakwambia uende mapema."

Alikwenda siku ya tatu. Uishike hiyo siku ya tatu.

Hospitali kubwa, kliniki ya akina mama, walimkata kipande cha nyama kutoka mlango wa kizazi. Kimoja, kidogo kama punje ya mchele. Wiki tatu baadaye aliketi mbele ya daktari bingwa, mwanamume mwenye miwani ya kamba, ambaye alisoma karatasi bila kuinua uso.

"Ni saratani ya mlango wa kizazi, mama. Ile ya kawaida. Usiogope, bado ndogo, na aina hii huenda polepole. Utafanyiwa upasuaji. Foleni kwa sasa ni miezi minne."

Na yule mwanamke aliyewahi kukataa lori zima la mahindi kwa sababu ya harufu tu, aliyemwambia tajiri wa kanzu nyeupe ale changarawe, alifanya nini? Alisema, "Asante, daktari." Akachukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Hakuuliza walichoma wapi. Hakuuliza walichoma mara ngapi. Koti jeupe lilimziba mdomo, jambo ambalo kanzu nyeupe ilishindwa.

Saratani ile haikusoma karatasi. Haikujua kwamba imeamriwa kwenda polepole. Baada ya wiki sita damu ilikuwa nyingi, nyonga ya kushoto ilimuuma hata akikaa, na sketi zake zote zikawa zinazunguka kiunoni kama pete kwenye kidole cha mtoto. Akarudi kwa daktari bingwa, wifi yuko pembeni.

"Daktari, hii si ile uliyonieleza. Ile ulisema ya polepole. Hii inakimbia."

"Mama, ugonjwa ni uleule. Wasiwasi nao unakondesha." Aliandika dawa ya maumivu. "Tatizo lenu akina mama, mnachelewa kuja, halafu mkifika mnataka kila kitu leo."

"Nilikuja siku ya tatu."

"Unasema?"

"Damu ilitoka Jumatatu, Jumatano nilikuwa kwenye benchi lako hapo nje. Andika na hilo kwenye faili."

Hakuandika. Alibonyeza kengele ya mgonjwa anayefuata.

Nje, kwenye benchi la mbao lililolainishwa na makalio ya miaka thelathini, Mama Bambo alikaa ameinamisha kichwa. Wifi akadhani analia, akatoa leso. Kumbe mwenzake anahesabu kwa vidole.

"Wifi," alisema, "walichoma mara moja."

"Nani kachomwa?"

"Mimi. Bambo moja, mdomoni. Na mimi nikalipokea gunia." Akacheka kicheko kibaya. "Ningekuwa mteja wangu, ningejifukuza kazi."

Nesi mmoja aliyekuwa akipita na trei aliwasikia, akapunguza mwendo. Akawainamia kama anayeokota kitu, akawaambia kwamba kila mwezi, Alhamisi moja, madaktari wote wa saratani hukaa kikao. Mgonjwa anayehitaji kubadilishiwa mpango, hubadilishiwa hapo, lakini lazima kuwe na jibu jipya la maabara mezani. Kikao ni Alhamisi hii. Kingine, mwezi ujao.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mama Bambo aliushika ukuta, akasimama. Mwezi ujao, kwa jinsi kitu kile kilivyokuwa kinakua, angekuja kwenye kikao akiwa amebebwa.

Kesho yake alifika getini saa moja asubuhi. Mlinzi akapekua mkoba wake, akatoa bambo.

"Mama, silaha hairuhusiwi humu."

"Silaha? Hiyo ni miwani yangu."

"Miwani ya kuchoma watu?"

"Ya kuwaona. Niwekee vizuri, usije ukachokolea meno."

Akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la kumbukumbu. Karani wa hapo alikuwa kijana mnadhifu, kalamu tatu mfukoni, mwenye sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Alimtolea faili. Ndani kulikuwa na jibu la maabara, nakala ileile aliyokuwa nayo mkobani. Alikuwa ameisoma mara ishirini nyumbani. Sasa aliisoma kama anavyosoma hati ya mzigo, kuanzia chini kwenda juu, maana kwenye hati ya mzigo uongo hukaa chini. Na pale chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, palikuwa na maneno: ukurasa wa kwanza kati ya mbili.

"Mwanangu, wa pili uko wapi?"

"Jibu ni hilo, mama."

"Hapa pameandikwa kuna wa pili."

Karani akaangalia, akatabasamu. "Aa, huo uko nyuma ya karatasi yenyewe, iliyorudishwa maabara. Huwa ni maelezo yao tu ya kitaalamu. Sisi tunatoa nakala ya mbele. Jibu lipo mbele."

"Nani aliamua?"

"Ndio utaratibu. Karatasi hazitoshi."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeukuta."

Mama Bambo alimtazama kijana yule, kalamu zake tatu, mashine ya fotokopi inayounguruma nyuma yake. Hakuwa mwizi. Mwizi angekuwa na nafuu, mwizi hujua anachoficha. Huyu alikuwa anaficha nusu ya habari ya kila mwanamke aliyepita dirishani pale, mwaka baada ya mwaka, kwa moyo safi, ili kuokoa wino.

"Mungu akusamehe," alimwambia. "Mimi bado."

Maabara ilikuwa nyuma ya jengo, na mlango wake ulikuwa na maandishi mekundu ya kukataza watu. Wifi aliyasoma kwa sauti. Mama Bambo akasema yeye hajui kusoma, akasukuma mlango.

Daktari wa maabara alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu kwa kuinamia hadubini, koti limechanika mfukoni. Alikasirika kwanza. Kisha akasikiliza, akafungua kabati, akatoa karatasi. Akaigeuza. Alipoisoma, uso wake ulibadilika, kwa sababu mwandiko ulikuwa wake.

"Isome kwa sauti, mwanangu. Mimi leo sijui kusoma."

Daktari akasoma. "Sampuli ni ndogo. Pembezoni zipo seli ndogo ndogo zilizosongamana, zenye kutia shaka. Tafadhali chukueni sampuli nyingine, ifanyiwe vipimo maalumu vya rangi kabla ya kuamua matibabu." Akaweka karatasi chini. "Niliomba. Nilisubiri sampuli ya pili. Haikuja, nikadhani umehamia hospitali nyingine."

"Mimi nilikuwa hapo nje. Hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako. Nilikuwa napanga foleni ya polepole."

Mashine fulani ikalia tii, ikanyamaza.

"Kwa nini hukuandika mbele?"

"Fomu ya mbele ina nafasi ya mistari miwili tu."

"Na simu ina mistari mingapi?"

Wapo watu ambao kosa likiwafikia huanza kulitafutia godoro lilale. Huyu alivaa glavu mpya.

Sampuli ilichukuliwa mchana uleule, daktari wa maabara mwenyewe akiwa amesimama pale kliniki hadi ikachukuliwa. "Mara tatu," alisema Mama Bambo akiwa amelala chali, miguu juu, heshima yote imewekwa kando. "Mdomoni, kiunoni, kitakoni."

"Ndivyo nilivyowaagiza, mama."

"Basi tutaelewana."

Lakini majibu, aliambiwa, yangechukua wiki mbili. Hapo ndipo dalali aliyekuwa amelala ndani yake aliamka kabisa. Hakulia, hakubembeleza. Akavuta stuli.

"Nipe hizo wiki mbili moja moja. Dawa za rangi hazipo?"

"Zipo."

"Mtu wa kuzitumia?"

"Yupo."

"Umeme?"

"Upo."

"Sasa tunangoja nini?"

Daktari akasita. "Trei. Inaingia vipande ishirini. Tunangoja ijae ndipo tuiendeshe, dawa isipotee."

"Trei imekuwa gunia, mpaka lijae ndipo lishonwe? Sasa hivi mnavyo vingapi?"

"Vya wagonjwa kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja wamekaa nyumbani wanaambiwa maabara ina kazi nyingi." Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza, na haikuwa kwa maumivu. "Sikuombi unipendelee mimi. Pendeleo hulipiwa, na mimi sipendi kudaiwa. Tuendeshe wote kumi na wawili leo. Mkubwa wako akiuliza nani kamwaga dawa yake, mwambie kuna mama alikataa kutoka kwenye stuli."

Trei ikaendeshwa ikiwa na nafasi nane tupu. Dunia haikupasuka.

Jumatano alasiri aliitwa. Daktari wa maabara alimwelekeza aweke jicho kwenye hadubini, wifi akadai zamu yake, wakagombana kidogo kama watoto kwenye tundu la ukuta. Mama Bambo aliona zambarau: punje ndogo, nyeusi nyeusi, zimebanana hadi zimepondana.

"Hii si ile ya kawaida," alisema daktari. "Kwa wanawake mia wenye saratani ya mlango wa kizazi, hii utaikuta kwa mmoja au wawili. Ni ya seli ndogo. Ina tabia ya chembe za neva na za homoni, na inasambaa mapema. Kisu peke yake hakiiwezi. Inataka dawa za dripu haraka, aina tofauti, na mionzi."

"Mbegu nyingine kabisa kwenye gunia lilelile."

"Kabisa. Sasa tazama hizi za kahawia." Alibadilisha kioo. "Hawa ni askari wa mwili wako. Kinga yako."

Mama Bambo akatazama. Vile vidoa vya kahawia vilikuwepo, tena vingi, lakini vyote vimejipanga nje ya vile vikundi vyeusi, kwenye kingo, kama walinzi wanaozunguka ghala na kuku anaibwa ndani.

"Mbona hawaingii?"

"Wengine saratani imewazimia taa, hawaoni adui. Zipo dawa za kuwawashia, kwa baadhi ya wagonjwa zinasaidia, kwa wengine hazifui dafu. Nyingine ni mpya zaidi, imeshatumika kwa saratani ya mapafu inayofanana na hii. Ina mikono miwili. Mmoja unashika askari, wa pili unashika alama iliyo juu ya seli ya saratani, inawakutanisha uso kwa uso. Nimepima, yako ina alama hiyo. Lakini kwa ugonjwa wako bado inajaribiwa, hapa hatuna, na sitakudanganya kwamba itafanya kazi."

Wifi akapiga kofi pajani. "Dawa yenyewe dalali! Wifi, imeiba kazi yako."

"Na ole wake ikila kamisheni bila kukutanisha watu," alisema Mama Bambo, jicho bado kwenye kioo. Hakuwa na hasira na askari wale. Alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo wiki ile: watu wazuri, wamevaa vizuri, kila mmoja amesimama mahali pake, nje.

Alhamisi jibu jipya likawa mezani, pande zote mbili, daktari wa maabara amelipeleka kwa mkono. Kikao kilikwisha saa saba. Daktari bingwa alipotoka alimkuta Mama Bambo kwenye benchi lilelile.

"Mama, tumebadilisha mpango. Unaanza dripu Jumatatu."

"Nashukuru. Na wiki zangu tisa?"

Akavua miwani, akaifuta. "Ugonjwa huu ni adimu sana. Daktari anaweza kufanya kazi miaka kumi asiuone."

"Sikukulaumu kwa kutouona. Aliyeuona alikuandikia barua, wewe hukugeuza karatasi. Adimu ni ugonjwa, daktari. Kugeuza karatasi si jambo adimu."

"Mimi nililetewa nakala ya mbele."

"Na chini pameandikwa moja kati ya mbili. Sokoni kwetu, mtu akiuza gunia bovu kwa kutojua, hulirudisha, na husema neno. Wewe gunia huwezi kulirudisha. Nasubiri neno."

Daktari bingwa alifungua mdomo, akaangalia saa, akasema dripu ni saa mbili kamili, asichelewe.

Asichelewe! Wifi alimshika mkono Mama Bambo, na safari hii ni kweli alihitajika kushikwa.

Dripu zilimtoa nywele, zikamtapisha, zikamfanya achukie harufu ya mahindi mabichi, jambo lililomuudhi kuliko yote. Alikaa sokoni siku alizoweza, kilemba kichwani, wifi akichoma magunia kwa niaba yake na kukemewa. "Kiunoni, nimesema! Hicho ni kiuno? Wewe kiuno chako kiko hapo?"

"Changu kilipotea zamani, wifi, nisaidie kukitafuta."

Daktari wa maabara aliwaandikia watu wa nchi nyingine wanaoijaribu ile dawa ya mikono miwili. Walijibu wakitaka karatasi zaidi. Akatuma. Bado hawajasema ndiyo, hawajasema hapana.

Baada ya dripu ya tatu alipigwa picha, na majibu akaenda kuyachukua dirishani kwa karani wa kalamu tatu. Foleni ilikuwa ndefu. Karani akamsukumia karatasi moja, nakala ya mbele: kipimo kimefanyika, jina, tarehe, mistari miwili.

Mama Bambo hakuichukua. Aliweka viwiko vyote viwili kwenye ubao wa dirisha.

"Geuza."

"Mama, kuna watu nyuma yako."

"Nawajua. Geuza."

"Mama sogea!" mtu alipiga kelele nyuma. "Hatukuja kulala hapa!"

Akageuka. Hakuwa na nyusi wala kope, na uso usio na nyusi hautabiriki. "Dada yangu, jibu lako unalo mkononi? Soma chini. Pameandikwaje?"

Yule mwanamke akasoma. Akasoma tena. "Moja kati ya mbili."

"Na wa pili umepewa?"

Foleni nzima ikainamisha vichwa. Karatasi zikatolewa mikobani, mifukoni, kwenye nguo za vifua, zikafunuliwa mikunjo yake. Moja kati ya mbili. Moja kati ya mbili. Moja kati ya tatu, alisema bibi mmoja, na sauti yake ikakatika katikati. Kisha wote wakasogea mbele kwa pamoja, si kwa fujo, wakajaa dirishani kama nafaka inavyojaa mdomoni mwa gunia.

Karani aliwatazama. Akaitazama rimu ya karatasi mezani. Akachukua jibu halisi la Mama Bambo, akainua kifuniko cha mashine, akaligeuza.

Mama Bambo alilisoma palepale, amesimama, wengine wakimsukuma. Uvimbe umepungua kwa zaidi ya nusu. Ini halina doa. Tezi moja ya nyonga bado inatia shaka, picha irudiwe baada ya wiki sita.

Hakuikunja. Alirudisha karatasi ubaoni, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Wiki sita ni tarehe ngapi? Niandikie sasa hivi. Na uandike mbele."

Alipofika getini, mlinzi alikuwa ameshamtolea bambo, amelifuta.

"Mama, miwani yako."

"Umechokolea meno?"

"Mara moja tu."

"Basi hukuona kitu," alisema, akalitia mkobani, akaondoka kuwahi lori la maharage la saa nane.